Clydebank, Machi 1941: viwanda vilibaki, mji ukaondoka

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 1941 ilipopambazuka, mji wa Clydebank huko Uskoti ulikuwa na nyumba zipatazo 12,000, na kati ya hizo zote ni saba tu ambazo hazikuguswa. Saba, wala si saba katika kila mia. Nyumba kama 4,000 zilikuwa zimekwisha kabisa, nyingine 4,500 zimeharibika kiasi cha kutokalika, na watu wapatao 35,000 hawakuwa na pa kulala. Mabomu yaliyofanya hayo yaliletwa na ndege 439 za Ujerumani zilizotumwa eneo la Clydeside, kandokando ya mto Clyde, kwa usiku miwili mfululizo, na shabaha zake zilikuwa viwanda na hazina za vita: yadi ya meli ya John Brown, kiwanda cha Singer, karakana za silaha, matangi ya mafuta ya jeshi la majini. Na bado, kabla miezi saba haijatimia, yadi ile ile ya John Brown iliweka mkuku wa HMS Vanguard, yaani ilianza kuijenga, nayo ndiyo ya mwisho katika zile meli kubwa za vita za mizinga ambazo Uingereza iliziunda.

Mtu akiyaweka mambo hayo mawili pamoja lazima ajiulize mabomu yale yalipiga nini hasa. Jibu la haraka ni kwamba Wajerumani walikosa shabaha. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi, na katika uchambuzi huu nitaonyesha kwa nini. Clydebank iliharibika vile kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa, jinsi moto unavyokula aina fulani ya jengo na kuliacha jingine, na kwa sababu ya vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevifikiria mpaka saa ya kuvihitaji ilipofika.

Mji uliozaliwa na yadi

Clydebank si mji wa pwani kama Tanga au Malindi ulivyo. Uko ukingoni mwa mto Clyde, chini kidogo ya Glasgow, mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka na meli za bahari kuu hufika. Kabla ya 1871 palikuwa mashamba. Mwaka huo kampuni ya J & G Thomson, iliyokuwa imebanwa na upanuzi wa bandari ya Glasgow, ilihamishia hapo yadi yake iliyoitwa Clyde Bank. Nyumba za wafanyakazi zikaota kuizunguka, na mji ukapewa jina la yadi. Ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1886. Kampuni ya John Brown iliinunua yadi mwaka 1899, na humo zikatoka meli za Lusitania, HMS Hood, Queen Mary iliyoshushwa majini mwaka 1934 na Queen Elizabeth mwaka 1938.

Kiwanda cha pili ndicho kinachowahusu hata wasomaji wa huku kwetu. Kampuni ya Singer ya Marekani ilifungua kiwanda chake mtaani Kilbowie, Clydebank, katikati ya miaka ya 1880, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa kikitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hakuna kiwanda cha cherehani duniani kilichokizidi kwa ukubwa. Zile Singer nyeusi zenye maandishi ya rangi ya dhahabu walizorithi mafundi wa Mombasa, Unguja na Bagamoyo, nyingi zilitoka hapo. Mwenye nayo na atazame namba iliyogongwa kwenye kibao cha chuma: ikianza na F, J, Y au EA, ni ya Kilbowie.

Palikuwa na mengine. Upande wa magharibi, Dalmuir, palikuwa na kiwanda cha silaha cha serikali. Dalnottar palikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya jeshi la majini. Palikuwa na gati la Rothesay, mfereji wa Forth na Clyde uliokatiza mji, na mpakani na Glasgow kiwanda cha wiski cha Yoker. Vyote hivyo vilijipanga kwenye ukanda mwembamba kati ya mto na vilima vya Kilpatrick, na katikati yake, ukuta kwa ukuta, ndimo walimoishi watu karibu 50,000.

Nyumba nyingi zilikuwa maghorofa ya mawe ya orofa tatu au nne, yaliyoshikana bega kwa bega mtaa mzima. Kuta za nje zilikuwa imara, lakini sakafu, ngazi na mapaa vilikuwa vya mbao, na juu kabisa ni vigae vya mawe membamba. Kila ngazi moja ilitumiwa na familia kadhaa, na familia nyingi ziliishi katika chumba kimoja au viwili. Mabepari wa karne ya 19 waliyajenga hivyo kwa hesabu rahisi: mfanyakazi asikie honi, ashuke ngazi, avuke barabara, awe kazini. Hesabu hiyo ilifaa kwa miaka 60. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kuwa jirani na kiwanda kungekuwa ndiyo hatari yenyewe.

Watoto wengi walihamishwa mwaka 1939 vita vilipotangazwa. Kwa kuwa miezi ilipita bila bomu, wengi wakarudishwa nyumbani. Kufikia Machi 1941 mji ulikuwa umejaa tena, na vijana wanagenzi wa viwanda vya uhandisi vya Clydeside walikuwa kwenye mgomo wa kudai mishahara. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakiishi maisha yao ya kawaida, wakigombana na waajiri, wala si kama watu wanaongoja kupigwa.

Usiku wa Alhamisi

King'ora kililia muda mfupi baada ya saa tatu usiku, tarehe 13 Machi. Mwezi ulikuwa mpevu na anga safi. Ndege za kwanza zilikuwa za Kampfgruppe 100, kikosi maalumu cha kuonyesha njia kilichofuata mawimbi ya redio, ingawa usiku ule mto ulivyong'aa rubani yeyote angeweza kuufuata kwa macho. Usiku huo wa kwanza zilikuja ndege 236, zikipita kwa zamu hadi karibu na mapambazuko.

Mpangilio wa mabomu ndio unaoeleza sehemu kubwa ya maafa. Kwanza ziliangushwa bomu ndogo za moto, kila moja ikiwa na uzito wa kilo moja hivi, kwa maelfu. Bomu la moto la aina hiyo halibomoi kitu. Hutoboa kigae, hulala kwenye dari na kuwaka kwa joto kali la magnesi. Mtu aliyepo na ndoo ya mchanga anaweza kulizima katika dakika za kwanza. Lakini watu walikuwa wameshuka mahandakini, kama walivyoagizwa, na dari za mji mzima zilikuwa peke yake. Baada ya moto zikafuata bomu nzito za mlipuko na mabomu makubwa yaliyoshuka kwa miavuli, ambayo hulipuka kabla ya kuzama ardhini na kusukuma hewa kwa nguvu ya kuangusha mtaa. Mlipuko uling'oa mapaa, ukavunja madirisha na milango, na hewa ikaingia. Ngazi za pamoja zikawa mabomba ya moshi: moto ulioanzia dari ya nyumba moja ulivuta hewa kutoka chini, ukala sakafu moja baada ya nyingine, ukahamia jirani kupitia boriti.

Kisha kuna yadi ya mbao ya Singer. Cherehani za zamani zilikuwa na meza na masanduku ya mbao, na kiwanda kilichotoa cherehani kwa mamia ya maelfu kilihifadhi rundo la mbao kavu lisilo na mfano nchini. Lilishika moto mapema usiku. Tangu hapo kila rubani aliyefuata hakuhitaji redio wala mwezi, maana alama ilionekana kutoka maili nyingi. Kuteketea kwa mbao zile hakukuiletea Ujerumani faida yoyote ya kijeshi, kwani hazikuwa za silaha. Faida ilikuwa mwanga wake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kimoja kilichoamua ukubwa wa maafa ya Clydebank, na kilikuwa kimelala pale wazi kwa miaka mingi. Wiki nane baadaye, Mei 1941, jambo kama hilo lilijirudia Greenock, mdomoni mwa mto huo huo, ambako kiwanda cha pombe cha Ardgowan kilishika moto na kumulika mji wote.

Uingereza ilikuwa na mbinu ya kuwachanganya marubani. Juu ya vilima vya Kilpatrick kuliwekwa mitego ya moto iliyoitwa Starfish, matanuri yaliyowashwa porini ili yaonekane kama mji unaoungua. Mitego hiyo ilivuta mabomu mengi, na mashimo yake bado yapo milimani hadi leo. Lakini moto wa bandia unapata taabu kushindana na yadi ya mbao inayowaka kwelikweli.

Kuna masimulizi ya siku nyingi kwamba marubani waliona barabara kuu mpya iliyopita kaskazini mwa mji iking'aa chini ya mwezi, wakadhani ni mto, na kwa hiyo wakaangusha mabomu juu ya nyumba badala ya yadi. Yawezekana wapo waliokosea hivyo. Mimi sioni haja ya masimulizi hayo. Katika mji ambao nyumba na kiwanda vinagusana, ndege ikipita juu kwa kasi gizani, rubani huhitaji kukosea kwa sekunde chache tu ili mabomu yake yaangukie ngazi za watu. Makosa makubwa hayahitajiki.

Mabomba na viungio

Kituo cha kuongoza shughuli za dharura kilikuwa chini ya jengo la maktaba ya mji, barabara ya Dumbarton. Simu zilikatika mapema. Tangu hapo taarifa zilipelekwa na vijana wadogo, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wakipita kati ya kuta zinazoanguka kwenda kusema mtaa gani unaungua. Maana yake ni kwamba mtu mwenye ramani mkononi alikuwa akipokea habari za dakika 20 au 30 zilizopita, na moto haukumsubiri.

Maji yalikwisha kwa sababu mabomu makubwa yalipasua mabomba makuu chini ya barabara. Wazimamoto wakageukia mfereji na vijito. Vikosi vya msaada vilifika kutoka miji mingine, na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo ukilisoma unatikisa kichwa: viungio vya mipira yao ya maji havikulingana na vya Clydebank. Kila manispaa ilikuwa na kikosi chake, kila kikosi kilinunua vifaa vyake, na vipimo vilitofautiana. Gari la zimamoto likasimama mbele ya moto, lina watu, lina pampu, na haliwezi kuunganishwa. Tatizo hilo halikuwa la Clydebank peke yake, miji mingi ya Uingereza ililikuta katika majira yale ya baridi. Agosti 1941 serikali ilivikusanya vikosi vyote vya manispaa kuwa zimamoto moja ya taifa.

Usiku wa Ijumaa, ndege 203 zilirudi. Moto wa jana ulikuwa bado unawaka, kwa hiyo hapakuwa na haja ya waonyesha njia. Usiku huo matangi ya mafuta ya Dalnottar yalishika, na moshi wake mzito ukaufunika mji kwa siku kadhaa. Kiwanda cha wiski cha Yoker nacho kiliangamia katika mashambulizi hayo.

Ulinzi wa kutoka chini ulikuwa dhaifu. Ndege za kivita za mchana hazikufaa usiku, na mizinga ya kutungulia ndege ilipiga zaidi kwa kelele kuliko kwa shabaha. Wanaokumbukwa kwa kupiga bila kukoma ni mabaharia wa Poland. Meli yao, ORP Piorun, iliyoundwa na John Brown, ilikuwa imerudi yadini kwa matengenezo, nao walifyatua mizinga yake kutoka gatini. Sidhani waliangusha ndege. Lakini watu wa Clydebank waliokuwa mahandakini walisikia mtu akijibu, na mji umewawekea Wapoland hao kumbukumbu. Miezi miwili baadaye Piorun ilikuwa ikibadilishana risasi na manowari ya Ujerumani Bismarck katika Atlantiki.

Kilichobomoka na kilichobaki

Tuanze na nyumba. Familia moja katika mtaa wa Jellicoe, Dalmuir, ilipoteza watu 15 katika jengo moja usiku mmoja. Mitaa iliyozunguka Kilbowie na Radnor Park iliungua karibu yote. Kulikuwa na mtaa wa nyumba zenye mapaa bapa, uliotazama mji kutoka mlimani, ambao wenyeji waliuita Mji Mtakatifu kwa kuwa mabaharia waliorudi safari walisema unafanana na Yerusalemu. Nao uliteketea. Kanisa la Radnor Park liliungua, na shule kadhaa zikawa magofu. Reli za tramu zilijipinda na kusimama wima katikati ya barabara.

Upande wa viwanda picha ni tofauti. Singer iliumia sana: mbali na yadi ya mbao, idara kadhaa ziliungua na eneo kubwa la sakafu likapotea. Lakini mnara wake wa saa, uliotawala mji tangu karne ya 19, ulibaki umesimama, ukaja kubomolewa kwa mikono ya watu mwaka 1963. Mashine nyingi za kukereza na kutoboa chuma zilibaki zinafaa. Bomu linaloanguka ndani ya karakana hutoboa paa, huvunja vioo na kutupa vumbi kila mahali, lakini mashine ya chuma ya tani moja, iliyofungwa sakafuni, huondolewa kifusi, husafishwa, hutiwa mafuta, na mara nyingi hufanya kazi tena chini ya turubai. Baadaye mwaka huo huo, Singer ya Clydebank ilianza kutengeneza bunduki za Sten kwa maelfu kwa ajili ya jeshi la Uingereza.

Yadi ya John Brown ilipata majeraha ambayo, ukilinganisha na mitaa iliyoipakana, ni madogo. Sababu zake si za ajabu. Yadi ya meli ni uwanja mpana wenye nafasi tupu, maji, krini za chuma na mabamba mazito. Bomu la moto likiangukia bamba la chuma huwaka hadi likaisha. Bomu la mlipuko likiangukia uwanjani huchimba shimo. Ndani ya yadi wakati ule ilikuwamo HMS Duke of York, iliyoshushwa majini Februari 1940 na sasa ikimaliziwa gatini. Hiyo ndiyo tuzo ambayo rubani yeyote angeitamani. Ilikamilika mwaka huo huo, Desemba ikamvusha Winston Churchill Atlantiki kwenda Marekani, na tarehe 26 Desemba 1943 ikaongoza kuizamisha manowari Scharnhorst ya Ujerumani kaskazini mwa Norway. Manowari ya kubeba ndege HMS Indefatigable, iliyokuwa bado inajengwa, ilishushwa majini Desemba 1942. Vanguard niliyoitaja ilianza Oktoba 1941.

Kwa hiyo ukipima mashambulizi haya kwa lengo lake la kijeshi, yaani kuzuia Clydebank isitoe meli na silaha, yalishindwa. Lakini kuna wiki kadhaa katikati ambazo hesabu hii ya meli haizionyeshi.

Wafanyakazi wasio na nyumba

Ijumaa mchana na Jumamosi watu walianza kutoka. Mabasi yaliletwa kutoka kila upande, wengine walitembea wakisukuma vigari vya watoto vilivyojaa matandiko. Walipelekwa Vale of Leven, Helensburgh, Kirkintilloch, Coatbridge na vijiji visivyokuwa tayari kupokea umati. Walilala kwenye kumbi za makanisa na shule, sakafuni. Inakadiriwa kwamba Jumamosi usiku hawakuzidi 2,000 waliobaki mjini. Mji wa watu karibu 50,000.

Sasa fikiria meneja wa yadi Jumatatu asubuhi. Krini zipo. Chuma kipo. Meli ipo gatini na umeme unaweza kurudishwa. Fundi wa rivieti yuko Coatbridge na mkewe na watoto wanne, nguo alizovaa ndizo alizo nazo, hajui kama mama yake ametolewa kwenye kifusi. Atakuja kazini? Akija, atapanda nini, na jioni atarudi wapi? Uzalishaji wa Clydebank ulisimama hapo, kwa mtu huyu, zaidi ya ulivyosimama kwa paa lililotobolewa. Viwanda vilianza kurudi kadiri mabasi na treni za wafanyakazi zilivyopangwa, kadiri malipo yalivyopatikana, kadiri nyumba zilizopasuka madirisha zilivyozibwa kwa maturubai na kadibodi. Na watu walirudi. Wengi wao ndani ya wiki chache walikuwa wakisafiri saa nyingi kila siku, kwenda na kurudi, kujenga meli za vita katika mji ambao hawakuwa na kitanda ndani yake.

Napenda kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ushujaa umesemwa sana kuhusu Uingereza ya 1941 na umetumika kufunika mambo. Kurudi kazini kwa fundi asiye na nyumba kulikuwa pia kutafuta mshahara. Familia iliyopoteza kila kitu ilimhitaji mtu mwenye kipato. Hilo halipunguzi heshima yao, ila linafanya jambo lieleweke vizuri zaidi kuliko maneno ya mabango.

Idadi iliyofichwa

Tarehe 17 Machi, katika makaburi ya Dalnottar, walizikwa kwa pamoja wafu ambao hawakutambuliwa au hawakuwa na wa kuwachukua, mbele ya Tom Johnston, waziri wa mambo ya Uskoti. Hapakuwa na majeneza ya kutosha, mashuka yalitumika.

Serikali haikutaka idadi ijulikane. Taarifa za kwanza hazikutaja mji kwa jina, na ilipotolewa hesabu ilisemwa kwamba katika Clydeside nzima wamekufa watu kama 500. Inasimuliwa kwamba mgambo mmoja wa Clydebank aliposikia hivyo aliuliza: katika mtaa gani? Sababu rasmi ya kuficha ilikuwa kumnyima adui habari za mafanikio yake. Lakini marubani walikuwa wameona moto wenyewe, na ndege za kupiga picha zilikuwepo. Aliyenyimwa habari hasa alikuwa raia, na raia alikuwa na macho. Watu wa Glasgow walikuwa wamewaona wakimbizi wakipita. Matokeo yake ni yale yanayotokea kila habari inapobanwa: uvumi ukavimba, na taarifa ya serikali ikapoteza uzito hata pale iliposema kweli. Idadi inayokubaliwa leo, iliyoandikwa majina kwenye kumbukumbu ya Dalnottar, ni 528 kwa Clydebank peke yake. Kwa Clydeside nzima waliokufa walizidi 1,000.

Waliojifunza kutoka kwa vifusi

Kilichofuata ndicho kinachofanya kisa hiki kivuke mipaka ya Uskoti. Wataalamu wa serikali ya Uingereza walikuwa wakipima kwa makini athari za mabomu ya Wajerumani katika miji yao wenyewe, hasa Hull na Birmingham. Solly Zuckerman na J. D. Bernal waliongoza kazi hiyo. Walichokiona hakikuonyesha kwamba watu waliopigwa mabomu hupagawa au kukataa kazi.

Hata hivyo, tarehe 30 Machi 1942, Lord Cherwell, mshauri wa sayansi wa Churchill, alimwandikia waziri mkuu waraka uliotumia uchunguzi huo huo kufikia shauri jingine kabisa. Alisema kwamba kubomolewa nyumba humvunja mtu moyo kuliko hata kufiwa na jamaa, na akakokotoa kwamba ndege za Uingereza zikiangusha mabomu juu ya miji mikubwa 58 ya Ujerumani zingeweza kuwaacha karibu theluthi moja ya Wajerumani bila makao. Henry Tizard na Patrick Blackett, wanasayansi wa serikali vilevile, walizipinga hesabu zake, wakasema zimepita kiasi mara nyingi. Waraka ukapita.

Ukiusoma ukiwa umetoka Clydebank, unaona Cherwell alilichukua lile ambalo kwa marubani wa Ujerumani lilikuwa tokeo la ujirani wa nyumba na viwanda, akalifanya kuwa shabaha yenyewe. Kwamba nyumba za wafanyakazi huanguka kabla ya mashine, hilo alikuwa amelielewa sawasawa. Alichokisoma vibaya ni kile kilichofuata kuanguka kwake, yaani yale mabasi ya alfajiri kutoka Vale of Leven.

Shauri hilo lilitekelezwa kwa ukubwa wake wote Hamburg, mji mwingine wa mto na yadi za meli, mwishoni mwa Julai 1943. Mbinu ilikuwa ile ile ya Kilbowie, iliyozidishwa mara nyingi: moto na mlipuko vichanganywe, mapaa yafunguke, mitaa ya wafanyakazi iwake yote kwa pamoja. Waliokufa walikuwa kama 37,000 au zaidi. Wachunguzi wa Marekani walioingia Ujerumani baada ya vita walihesabu kwamba Hamburg, ndani ya miezi mitano, ilikuwa imerudia asilimia 80 ya uzalishaji wake wa awali.